Nembo ya Mahali Husika

Salmini aliporudi kutoka kwao Chiungutwa, Masasi, Jumatatu asubuhi, alikuta ofisi yake ina uso.

Haukuwa uso mdogo. Ulianzia kwenye msingi ukafika chini ya bati, ukachukua ukuta wote wa mbele kutoka mlangoni hadi kwenye kona wanapofungwa mbuzi waliokamatwa mashambani mwa watu. Ulikuwa uso wa mwanamke, umeitazama barabara ya Kitangari, macho yamelegea kidogo kama ya mtu anayesubiri huduma tangu saa mbili. Kwenye paji la uso na mashavuni alikuwa na chale, mistari iliyokunjwa kama viwiko, mmoja juu ya mwingine, zile walizokuwa wakichanjwa mabibi wa Kimakonde zamani. Rangi ilikuwa bado haijakauka vizuri.

Salmini alizima pikipiki, lakini hakushuka. Alikuwa Mtendaji wa Kijiji cha Mnalimbo kwa mwezi wa tano sasa, na katika miezi mitano alikuwa amejifunza kwamba jambo ukilitazama ukiwa bado juu ya pikipiki, linakuwa kama halijakuhusu. Alilitazama hivyo kwa muda mrefu. Likaanza kumhusu.

Alhamisi ya wiki ile Bi Hajira, afisa utumishi kutoka wilayani, alikuwa anakuja kukagua ofisi. Taarifa yake ndiyo ingeamua kama Salmini athibitishwe kazini au la. Kabla ya kazi hii Salmini alikuwa amefanya vibarua kwa miaka minane, kupima korosho msimu kwa msimu na kufundisha watoto wa watu masomo ya jioni, na mkewe Zuhra alikuwa ameshatangaza Chiungutwa nzima kwamba mumewe amethibitishwa. Alitangaza mapema, alisema, ili wanaomkopesha wamheshimu mapema. Kwa hiyo Salmini hakuwa na nafasi ya kutothibitishwa.

Alipiga simu kwa Gervas.

Gervas alikuwa fundi wa mabango pale Kitangari, kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye kasoro moja tu: ukimpa ukuta, hakurudishii ukuta. Mwenye bucha alimwagiza aandike NYAMA SAFI, akapewa ng'ombe anayewatazama wateja kwa masikitiko. Kwenye kuta za ghala la korosho alikuwa amechora, bila kuagizwa na mtu, korosho aliyevaa tai amelala juu ya gunia. Wanunuzi waliona wanasemwa wao, wakalalamika. Wakulima nao waliona wanasemwa wanunuzi, wakapiga nao picha.

"Gervas, umenifanyia nini?"

"Kazi, Mtendaji. Hujaipenda?"

"Nilikuambia upake chokaa, uweke nembo."

"Si ndiyo hiyo."

"Nembo, Gervas! Nembo!"

"Mtendaji, hata ukiitaja kwa kelele nembo ni ile ile. Sisi huku nembo ni za usoni, tangu enzi za mababu. Hizo nyingine zimekuja na mihuri." Gervas alikohoa kidogo kwa adabu. "Halafu barua yako ninayo. Umeandika, nembo ya mahali husika. Mahali husika si hapa?"

Salmini alikata simu, akaingia ndani, akafungua faili. Waraka uliotoka juu ulisema kila ofisi iwekwe ukutani "nembo ya mamlaka husika". Nakala ya barua yake kwa fundi, kwa mwandiko wake mzuri ambao walimu wake wote waliusifu, ilisema "nembo ya mahali husika". Alikumbuka vizuri. Siku anaiandika, Zuhra alikuwa kwenye simu anamweleza habari za bati za jikoni, naye alikuwa anaitikia huku ananakili.

Aliirudisha barua kwenye faili, akaliweka faili chini ya faili jingine. Kisha akayaweka yote mawili chini ya daftari la wageni.

Jumanne halmashauri ya kijiji ikakaa kikao cha dharura ndani ya ofisi, nyuma ya ule uso. Dickson, mwenyekiti, alivaa koti. Huvaa koti akiwa na jambo ambalo hajui aliamueje.

"Swali ni moja tu," alisema. "Mchoro huu ni sanaa au ni uharibifu wa mali ya umma? Maana kama ni sanaa tuupongeze, kama ni uharibifu tumshitaki. Tusichanganye."

Mzee Nurdini, mwenye mikorosho mingi kuliko wote pale, aliomba kusema. "Mimi marehemu baba yangu alichonga vinyago. Ile ni sanaa, hakuna ubishi. Lakini alichonga gogo lake. Hakuingia nyumbani kwa mtu akakuta kiti, akakichonga jicho."

Wajumbe wakaguna kukubali. Mama Shamila akanyoosha mkono.

"Mimi nauliza tu. Nyumba yangu ya barabarani imechorwa X nyekundu na watu wa barabara. Mwaka wa nne huu. Sikuombwa, sikuulizwa. Nimeitundikia kanga lakini upepo ukivuma inaonekana. Ile nayo ni sanaa au ni uharibifu?"

"Ile ni ya serikali," alisema Dickson.

"Na ukuta huu ni wa nani?"

Dickson alivua koti. "Ajenda isitoke nje ya ajenda," alisema.

Sheria ndogo ya kijiji ilisomwa. Ilikataza mtu yeyote kuandika, kuchora au kubandika kitu chochote kwenye jengo la umma. Mjumbe mmoja akauliza kama maandishi ya USIKOJOE HAPA yaliyo ukuta wa nyuma nayo yanavunja sheria ile, kwa kuwa yameandikwa na ofisi yenyewe na bado watu wanakojoa. Ilikubaliwa kwamba hilo litazungumzwa kikao kijacho.

Kisha Dickson akamgeukia Salmini. "Mtendaji, kwa kumbukumbu za kikao. Wewe fundi ulimwagiza nini?"

Watu wote walimtazama. Salmini aliitazama meza, lile daftari la wageni, na kilichokuwa chini yake.

"Nilimwagiza apake chokaa," alisema.

Ilikuwa kweli. Ndiyo mstari wa kwanza wa barua. Lakini aliona aibu, na akaanza kuandika muhtasari kwa bidii ili asitazamwe. Aliandika kwamba kikao kimeona ni uharibifu. Kwamba mchoro ufutwe kwa chokaa kabla ya Alhamisi. Na kwamba fundi Gervas apelekwe baraza la kata. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama siku zote.

Walipotoka walimkuta Bibi Getrude amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ng'ambo ya njia, ameuelekea ukuta. Alikuwepo tangu jana yake. Hakuna aliyemuuliza kitu kwa sababu Bibi Getrude hakuwa mtu wa kuulizwa. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, mkali, aliyejifunga kanga kichwani na kuivuta ikafunika shavu lote la kushoto, kiangazi na masika, shambani na kanisani. Vijana walidhani ana jino bovu. Salmini alimfahamu kwa habari ya kitambulisho cha taifa. Mara tatu alikuwa amejaziwa fomu, na mara tatu alipoambiwa aondoe kanga apigwe picha alinyanyuka akaenda zake. Mara ya tatu Salmini aliandika kwenye fomu: *Mhusika hana ushirikiano.*

Jumatano Salmini alipata chokaa asubuhi, lakini maji ya kuikorogea hakuyapata. Bomba la kijiji lilikuwa halijatoa tangu Jumapili. Alikwenda na ndoo mpaka kisimani, akapanga foleni nyuma ya wanawake kumi na saba, na zamu yake ilipokaribia wakataka kujua maji ni ya nini.

"Ya ukuta," alisema Salmini.

"Ukuta una kiu?"

"Nataka kupaka chokaa."

"Watu hawajaoga, Mtendaji anauogesha ukuta," alisema mmoja, na wengine wakacheka. "Wayao nyie mna mambo. Kule kwenu Masasi maji yanamwagika tu, eti?"

Alikubali utani, kwa kuwa utani wa Wamakonde kwa Wayao haujibiwi kwa hasira, ila maji hakupewa. Alipata dumu moja kwa kijana wa bodaboda saa kumi alasiri. Akakoroga chokaa kwenye ndoo, akachukua brashi, akazunguka mbele ya ofisi.

Bibi Getrude alikuwepo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hiyo nini?"

"Chokaa, Bibi. Kikao kimeamua."

Bibi aliitazama ndoo, kisha akamtazama yeye kuanzia viatu kwenda juu. "Wewe ndiye Mtendaji."

"Ndiyo, Bibi. Mimi ndiye niliyekujazia fomu."

"Mwenzio naye alikuja hivyo hivyo. Na daftari."

"Mwenzangu yupi?"

Akamweleza, bila kupandisha wala kushusha sauti, kama mtu anayesimulia bei ya muhogo. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Fundi wa nembo alikuwa mwanamke mmoja wa upande wa Mnyambe, ana kisu kidogo na masizi yake kwenye kifuu. Siku ya kwanza alimchanja paji la uso na shavu la kulia, mistari mitatu kamili. La kushoto alianza, akachanja mmoja, akaingia wa pili, akaona mtoto damu imekuwa nyingi. Akasema wiki ijayo tutamalizia. Wiki ile ikaja pikipiki, juu yake bwana mmoja na daftari, akawakusanya watu akasema taifa ni jipya, mambo ya nembo za usoni yamekwisha, atakayemchanja mtoto atafungwa. Fundi akahamia Nachingwea usiku ule ule. Akafia huko huko.

"Basi nikabaki hivi," alisema Bibi. "Wenzangu wana uso, mimi nina nusu. Ngomani walikuwa wananiita Wiki Ijayo. Nimeolewa naitwa Wiki Ijayo. Mume wangu alikuwa mtu mwema, lakini na yeye alikuwa anapenda kukaa upande wangu wa kulia."

Salmini aliweka brashi ndani ya ndoo.

"Sasa hapa," aliuonyesha ukuta kwa kidevu, "pamemaliziwa."

Salmini alitazama. Shavu la kulia la ule uso lilikuwa na mistari mitatu. La kushoto nalo lilikuwa na mitatu, imekamilika, imeshuka vizuri mpaka kwenye pembe ya mdomo.

"Huyu ni wewe, Bibi?"

"Ulidhani nani? Yule kijana alikuja Ijumaa na daftari lake la michoro, akaniomba nimwonyeshe nembo. Amesema anatumwa na ofisi, serikali inazitaka. Nikamwambia serikali hiyo hiyo? Akasema hiyo hiyo, ana barua. Nikamwonyesha upande mmoja huu. Ule mwingine kauweka mwenyewe, kwa kufuata huu."

"Kwa hiyo amekosea."

"Amekosea," alisema Bibi Getrude. "Usimwambie."

Bodaboda ikapita na madumu matupu yakigongana. Chokaa ikaanza kutuama ndani ya ndoo. Salmini alifikiria bati za jikoni, akafikiria miaka minane ya vibarua, na akamchukia yule bwana wa daftari kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Hata jina lake hakulijua. Halafu akaona kwamba na yeye ana daftari, na pikipiki, na maagizo.

"Utapaka?" aliuliza Bibi. "Kama unapaka, paka, nitoke jua halijazama. Mimi siwezi kukuzuia. Yule wa kwanza nilimpigia kelele nikiwa na miaka kumi na mbili na sauti nzuri, hakusikia."

"Maji hayatoshi," alisema Salmini.

Yalikuwa yanatosha. Aliibeba ndoo akaipeleka nyuma ya ofisi na kupaka chokaa mpya kwenye ukuta wenye USIKOJOE HAPA, akiyapita maandishi kwa uangalifu.

Alhamisi saa nne Bi Hajira alishuka kwenye gari, mwanamke mfupi mwenye miwani na kalamu mbili. Wajumbe walikuwa wamejipanga. Dickson alikuwa ndani ya koti. Alipoona ukuta haujaguswa alimwangalia Salmini kama mtu anayeangalia mkorosho ulioshika moto.

Bi Hajira alisimama mbele ya ule uso. Wakatazamana.

"Hii ni nini?"

"Ni uharibifu, mheshimiwa," alisema Dickson haraka. "Kikao kimeshaamua, mhusika anashughulikiwa."

"Ni nembo," alisema Salmini.

"Nembo ya nini?"

"Ya mahali husika." Alikuwa ameshika faili. "Waraka ulisema mamlaka, mimi nilinakili mahali. Fundi amefanya kama nilivyoandika. Kikao kiliponiuliza sikusema, na ndiyo maana kikaamua kilivyoamua. Kosa ni langu, la fundi halimo."

Mama Shamila alisema "Eee!" kwa sauti ya chini lakini ndefu. Dickson alianza kuvua koti, akaona si wakati wake, akalirudisha.

Bi Hajira alisoma waraka. Akasoma barua. Akausoma na ukuta, kutoka juu kwenda chini, akiwa amevua miwani.

"Mwandiko ni mzuri," alisema.

Akaandika katika taarifa yake kwa dakika nyingi. Akakagua choo, ubao wa matangazo, na ukuta wa nyuma, ambao aliusifu. Kabla hajapanda gari alimwita Salmini pembeni.

"Nikikuthibitisha leo nitaulizwa. Nakuongezea miezi sita ya majaribio. Habari ya nembo utaletewa barua." Alifungua mlango wa gari, akasita. "Bibi yangu mzaa mama alikuwa nazo hizi usoni. Alikuwa anazipaka poda siku ya Krismasi ili zisionekane. Sisi tukadhani ndivyo poda inavyopakwa." Akapanda, gari likaondoka.

Zuhra alipoambiwa miezi sita kwenye simu, alisema haya, atawaambia watu kwamba amethibitishwa mara mbili, ya pili ndiyo inakuja.

Wiki ya pili walikuja watu wa vitambulisho na kamera yao. Bibi Getrude alipanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika, mpiga picha akasema kama alivyosema mara tatu zilizopita, "Bibi, toa kanga usoni," na Salmini akashika kalamu kwa huzuni.

Bibi akaitoa.

Shavu la kushoto lilikuwa na mstari mmoja na nusu. Ule wa pili ulikuwa umeishia katikati, mfupi kama mkato wa sentensi ambayo mtu aliitwa kabla hajaimaliza. Foleni nzima iliona. Gervas naye, aliyekuwa amemleta mama yake, aliona. Aligeuka akautazama ukuta, akamtazama tena Bibi, mdomo wazi.

"Piga," Bibi alimwambia mpiga picha. "Hili lilikatishwa na serikali, basi likae kwenye kitambulisho cha serikali. Anayetaka kuniona mimi akatazame nje."

Salmini alitoa fomu ya zamani, akayakata kwa mstari mmoja maneno aliyoyaandika, akaweka saini pembeni.

Barua kutoka wilayani ilifika mwisho wa mwezi. Ilikuwa na mistari miwili. Ilisema shauri la fundi lifutwe, na kwamba nembo iliyopo katika ofisi ya kijiji cha Mnalimbo *irekebishwe* ndani ya siku thelathini.

Salmini aliisoma mara nyingi. Neno lilikuwa moja, na safari hii alilisoma bila kuongea na mtu kwenye simu. Halikusema ifutwe. Akamwita Gervas, wakapima, wakaona juu ya mlango kuna nafasi ya kutosha. Gervas alichora hapo nembo ya mamlaka husika, ndogo, sahihi, yenye kila kinachotakiwa. Ilimchukua asubuhi moja na hakuifurahia. Alipomaliza alishuka ngazini, akabaki ameshika brashi yenye rangi nyeusi, anajikuna kichwa mbele ya ule uso mkubwa.

"Mtendaji, kuna jambo linaninyima usingizi. Lile shavu la kushoto. Nilikosea. Bibi ana mstari mmoja na nusu, mimi nimeweka mitatu, kwa kubahatisha. Na barua imesema irekebishwe. Nikwangue?"

Salmini alisogea karibu na ukuta. Alikuwa mtu wa kunakili. Maisha yake yote alikuwa ameamini kwamba kitu sahihi ni kile kinachofanana na kilichotangulia. Aliutazama ule mstari wa pili, mahali ulipopaswa kuishia, na jinsi ulivyoendelea.

"Usiguse," alisema. "Hapo ndipo palipo sawa."

"Lakini havifanani."

"Najua, Gervas."

Nyuma yao, juu ya ndoo yake, Bibi Getrude aligonga fimbo chini mara mbili. Kanga ilikuwa mabegani.

"Nyie wawili," alisema. "Kama mmemaliza, ondokeni hapo. Mnanikinga, sijioni."